Kompyuta Iliyotaka Kutufuturisha Mapema

Jumatano usiku, Ramadhani

Nimeiweza! Fundi wa Garissa nzima ni mimi, hata kama shule niliiacha darasa la saba.

Leo baada ya swala ya Alasiri niliiwekea mfumo mpya kompyuta ya duka la Abti, mjomba wangu, ile inayotuadhinia. Jioni ikaadhini Magharibi jua bado kali. Abti tende ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Warya, we kijana! Unataka kuniharibia saumu? Isipopona leo, hutaigusa tena!"

Hapo niliogopa kweli. Bila kompyuta hiyo mimi ni mchunga mbuzi tu, narudishwa kijijini Sangailu.

Nikazima, nikawasha. Saa yake ilikuwa imekimbia mbele. Nikairudisha nyuma, ikaruka tena. Nikairudisha, ikaruka! Kumbe mfumo mpya ulituhamishia Dubai bila hata pasipoti. Nikachagua saa za Nairobi, nikakaa nikiomba Mungu kimyakimya.

Msikiti ulipoadhini, kompyuta nayo ikaadhini papo hapo. Wallahi nilipiga kelele!

Abti hakunishukuru. Alifuturu taratibu, akajipangusa ndevu, akanisogezea simu yake.

"Hii nayo inadai mfumo mpya. Iwekee."

Nikajifanya kwanza nafikiria.