Twiga wa Inchi Kumi na Nane

Nairobi,
9 Novemba 1958

Dada yangu Kanyiva,

Pokea salamu zangu, wewe na mama. Natumaini kikohozi chake kimepungua na mvua imewakumbuka. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa.

Siku tulipomzika baba ulilia mbele ya watu ukasema aliyezuia lori la vinyago ndiye aliyemuua, maana kila Jumatatu mzee alikaa njiani akilingoja. Ukaniagiza mimi, karani wa kampuni hiyo hiyo, nimtafute mtu huyo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mwaka jana wanunuzi wa London na New York walilalamika. Sanduku moja lilifika na twiga wa kila namna, huyu mrefu, huyu kama mbuzi. Tena mvua ikikata barabara lori huchelewa, na meli ya Mombasa haimngoji mtu. Basi tajiri akawa na njia mbili: aendelee kukusanya nyumba kwa nyumba huko Ukambani, au ajenge banda hapa Nairobi, Dagoretti Corner, karibu na msitu wa muhugu, mti wa vinyago, mafundi wakae safu, huyu achonge miguu tu, huyu shingo tu. Akamwuliza mtu mmoja anayetujua Wakamba. Mtu huyo akasema, banda; na lori likasimamishwa.

Nilimwandikia baba aje awe msimamizi. Unakumbuka alivyocheka? Alisema mchonga miguu atajuaje kama mnyama amekwisha. Nikamwandikia tena kwamba Wazungu sasa wanataka twiga waliolingana, inchi kumi na nane, watoshe sandukuni. Hakujibu. Nikadhani amekasirika, nawe wajua ukaidi wa mzee wetu, hata ng'ombe walimpisha njia.

Kanyiva, mtu huyo ni mimi. Niliona fahari kuulizwa na tajiri, nikajibu upesi. Pale kaburini niliogopa macho yako.

Na kuna jingine. Mlipokwenda kuteka maji baada ya maziko niliingia chumbani mwa baba, nikawakuta twiga aliowapanga tayari kwa lori. Nilikuwa na rula ya kazini mfukoni. Nikampima mmoja, kisha wote. Baba, ambaye maisha yake yote hakuchonga wawili wakafanana! Kila mmoja alikuwa inchi kumi na nane.

Nisalimie mama, lakini habari hii niachie nimwambie mwenyewe Krismasi. Ukikataa nisije, sitalalamika. Ila nakuomba, twiga wale wasichomwe kuni. Nitakuja kuwachukua.

Ni mimi ndugu yako,
Nzuki