Visu vya Jilala

Bariadi,
18 Agosti, 1996.

Kwako kaka yangu mpendwa Machibya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe pamoja na wifi yangu Milembe na watoto wote hapo Sola. Natumaini barua hii itawakuta wazima na kazi zinakwenda. Je, goti lako bado linakusumbua, au kiangazi kimekupa nafuu? Mimi huku ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimesema mwili kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyoniketisha kuandika. Utayakuta mbele, usiruke.

Mji wetu umechangamka msimu huu. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe, kila wiki anaingia mnunuzi mpya na mzani wake, na wakulima wanazunguka na mizigo wakitongozwa kama wari. Chama cha ushirika kimebaki kinatazama tu. Mgahawa wangu pale mnadani unajaa, watu wanakula supu na wali, wanacheka, kisha wanaondoka. Mitumba na bidhaa za plastiki zimepangwa mpaka njiani, huwezi kupita bila kukanyaga sahani ya mtu.

Siku hizi wanauza pia visu vya kukunja kutoka nje, vyenye mipini ya plastiki nyekundu. Vinang'aa sana, na springi inakatika kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Lakini vijana hawasikii. Visu vya baba zao, vile vilivyofuliwa na wahunzi wetu kwa vyuma vya malori mabovu, vyenye mipini ya pembe au ya mpingo, wanaona ni ushamba. Wengi wameniachia mimi kwa sahani ya supu. Nami navipokea, maana unajua udhaifu wangu huo ulikotoka.

Mume wangu Jilala alipohama na ng'ombe kwenda kusini kutafuta malisho, aliniachia sanduku la visu vyake vya kukunja, vyote alivyokusanya tangu ujana wake. Alichukua kimoja tu cha kulia njiani. Aliniambia mtu aliyeacha visu vyake nyumbani hajahama, ametoka tu, kwa hiyo nisilie. Sikulia. Nikaanza kuvitunza. Mwanzoni nilivipaka mafuta ya pamba, yakaganda kwenye maungio mpaka vikagoma kufunguka, na nikahangaika siku nzima kuvikwangua. Sasa napaka mafuta ya ng'ombe, kidogo tu, kwa unyoya wa kuku. Na kwa kuwa yeye alikuwa akivibeba kwa zamu, kimoja leo na kingine kesho, nami nimeshona mfuko ndani ya sketi na ninavibeba hivyo hivyo. Jenifer wa kwaya aliniuliza kama wanaume wamepungua mnadani hata nimeamua kujaza nafasi. Nilimjibu kwamba nafasi zipo nyingi, na yeye akitaka aje.

Vile nilivyovipata kwa supu nilivichanganya na vyake, nikiwaza jinsi atakavyofurahi siku akifungua sanduku. Jioni nikishafunga mgahawa navitandaza juu ya kanga, nafungua kimoja kimoja na kukifunga. Kila kimoja kina mlio wake. Nyumba ikiwa na mtu mmoja, kaka, hata mlio wa kisu ni maongezi. Nina upweke, na sioni sababu ya kuficha neno hilo kwa mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Unaijua desturi ya ukoo wa kina Jilala, lakini naiandika ili tusije tukabishana baadaye. Bwana harusi akichinja fahali wa karamu, kile kisu anampa kaka wa bibi harusi, na huyo kaka hukibeba muda wote ndoa inaposimama. Wazee wanaweza kukaa kikao mpaka jua lizame, ndoa haijavunjika mpaka kaka akitoe kisu na kukiweka mkononi mwa mume, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Hapo mume yuko huru, na kisu kile anaweza kukitoa kwenye harusi nyingine. Wewe ulipewa kile cha mpini wa mfupa mweupe. Kilipopasuka ulikipeleka kwa mhunzi Ngassa, akakikaza kwa kipande cha kengele ya baiskeli. Nilikuwepo, na ni mimi niliyekucheka kwamba sasa kisu chako kitakuwa kinapiga honi.

Mnada uliopita alikuja kula mwanamume ambaye sijawahi kumwona. Alisalimia kikwetu kabisa, akaniita mayu kama anayemwita mama yake, akaagiza nyama ya kuchoma. Alijitambulisha kwa jina la Mihayo. Alisema kwao asili ni Mwamapalala, lakini wazazi wake walihamia kusini na mifugo siku nyingi, na amekuja kumwona bibi yake mgonjwa. Nilipomwekea nyama alitoa kisu mfukoni, akakifungua kwa kidole gumba. Mpini wa mfupa mweupe, na katikati kipande cha kengele.

Niliketi. Wateja walikuwa wananiita, sikuwasikia. Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida, kama muuzaji anayezungumza na mteja, kisu kizuri hivyo amekipata wapi. Akafurahi kuulizwa. Akasema amepewa na shemeji yake Jilala, siku alipomwoa dada yake, mwaka jana baada ya mvua. Akanieleza kwamba shemeji huyo aliwahi kuwa na mke huku, wakaachana kwa amani kabisa, na kabla ya kumposa dada yake alipanda mwenyewe mpaka Sola, akakaa na kaka wa yule mwanamke, akarudishiwa kisu mkononi. Alilisifu jambo hilo. Alisema watu wa namna hiyo ni wachache siku hizi.

Kwa amani kabisa, kaka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeachika, nikiwa nimeshika mwiko.

Mihayo aliona kisu changu nilichokuwa nakatia kachumbari, kile cha Jilala cha mpini wa pembe nyeusi, akakishika, akakipenda. Akaomba tubadilishane. Sitakudanganya kwamba sikutamani. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kile cheupe. Lakini nikamwambia kisu hicho asibadilishane na mtu yeyote, kwa sababu ni cha ndoa ya dada yake, na akikipoteza huku mnadani atamweka dada yake mahali pabaya bila mwenyewe kujua. Alishtuka, akakifunga haraka, akanishukuru sana. Nilimwongezea nyama. Nikamwuliza kama dada yake hajambo, akasema hajambo, ana mimba. Nikasema Mungu amjalie. Hakuniuliza jina langu, nami sikumpa.

Tangu siku hiyo nayaunganisha mambo. Ulipokuja kunitembelea mwaka jana na gunia la mchele, nilichinja jogoo, ukaniomba nikuazime kisu, ukasema chako umekisahau nyumbani. Nikakuazima. Ukala bila kuniangalia. Kisha ukaanza kunisihi nifunge mgahawa nirudi Sola, ukisema mnada unachosha na kuni zinaniharibu macho. Nilikuona ndugu mwenye upendo. Kumbe ulitaka nihame kwanza, halafu kusubiri kuniishe kwenyewe kama mafua.

Najua ulinionea huruma. Najua pia Jilala alikuomba, na wewe ni mtu wa haki, humfungi mtu asiyetaka kukaa. Kama ungeniuliza, ningekwambia umrudishie. Ningelia, ningetukana, halafu ningekwambia umrudishie. Kinachonichoma si kwamba ameoa. Kinachonichoma ni kwamba mlikaa wanaume wawili Sola, mkanywa uji wa wifi, mkaimaliza ndoa yangu, na kutoka hapo mpaka kwangu ni safari ya asubuhi moja kwa basi. Hakuja yeye, wala hukuja wewe kuniambia. Mimi nikaendelea kupaka mafuta visu vya mtu. Nimekukasirikia, kaka, sijawahi kukukasirikia hivi.

Ningeweza kuja niyaseme haya mdomoni, lakini nikikuona nitakusamehe kabla hujanisikiliza. Ndiyo maana nimeandika.

Sirudi Sola. Chumba ulichoniwekea mpe mtoto wako mkubwa, au wekeni pamba. Mgahawa wangu unanilisha, na hapa najuana na watu hata kama hakuna anayeningoja nyumbani. Sanduku nalo sitalipeleka popote. Nimejiuliza sana kama nilikuwa napenda visu au nilikuwa nampenda yeye tu, na siku ya Jumamosi mzee mmoja alinionyesha kisu chenye bapa la msumeno, nikakigeuza, nikajikuta natabasamu kabla sijamkumbuka Jilala. Nimekichukua, ni changu.

Msalimie sana wifi Milembe. Usimsomee barua hii ukiwa umesimama, anajua kunililia huyo. Wabusu watoto, na mwambie Josia aache kupanda punda, anamchosha mnyama wa watu. Salamu pia kwa mama mdogo Martha na wote wanaoniuliza.

Naomba unijibu, hata kama ni mstari mmoja. Jilala nilizoea kumngoja. Wewe sijazoea kukungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrasia.