Flash ya Mama Rachel

Jumamosi, mtaa wa Ngezi. Mvua tangu asubuhi, umeme hakuna, jenereta ya jirani ninakovuta umeme inanguruma utadhani inanitukana.

Leo nimehamia Linux, mfumo wa kompyuta wa bure. Nilitaka kuandika jinsi ninavyojivunia. Siwezi.

Nina kibanda cha kuchapisha picha. Huku kwetu matanga hayakaliwi bila picha ya marehemu: inasimamishwa mezani kando ya mshumaa, waombolezaji wakiitazama. Jumatatu alikuja Mama Rachel, aliyekimbia vita Djugu akaja kuishi kambini hapa Bunia. Binti yake Rachel alikuwa amekufa kwa homa. Mama akanipa flash aliyoifunga kwenye pindo la kitenge, nimchapishie picha ya matanga.

Mashine yangu ilikuwa na mfumo wa wizi, umejaa virusi kama mbwa aliyejaa kupe. Nikachomeka flash. Tupu.

— Hamuna kitu, mama.

— Angalia tena, mutoto yangu. Nilionaka picha yake mule na macho yangu.

Foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimeamka vibaya. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mashine haidanganyi, wanaodanganyika ni wale wasioijua. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikajiona mtaalamu kweli.

— Basi nitarudia kule ku nyumba. Ingine iko ku ukuta, kama hawajachoma. Flash bakia nayo, pengine itaamuka.

Kijiji chake kimo mikononi mwa watu wenye silaha. Kila mtu Bunia anajua, na mimi najua. Sikumwambia asiende. Nilimwita mteja aliyefuata.

Leo asubuhi kaka yangu, anayefanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama ya Epulu, amekuja na Linux mfukoni. Naye pia nimemcheka: kitu cha bure kina maana gani? Lakini mashine ilikuwa imegoma kabisa, nikakubali. Tumefuta mfumo wa zamani na virusi vyake vyote. Ili kujaribu, nikachomeka flash iliyokuwa kwenye droo.

Picha zote zikatokea.

Kaka akanieleza taratibu: kirusi kilikuwa kimezificha, na mfumo wa zamani ulikubali kutozionyesha. Huu mpya haujali. Zilikuwamo siku zote. Rachel na sare ya shule. Rachel ameshika kuku. Rachel mgongoni mwa mama yake, wote wawili wanacheka. Nilifurahi kama mjinga, nikaanza kutafuta bahasha safi.

Mchana akaingia dada yake Mama Rachel, amelowa chapachapa. Nikamgeuzia skrini hata kabla ya salamu. Akamgusa dada yake kwa kidole kwenye kioo.

— Walimukata na mapanga ku njia, akasema. Mwili tulipata jana. Nilikuya kukuuliza kama uko na picha yake, yeye mama.

Nimechapisha ile ya mgongoni. Moja tu, imewatosha wote wawili.

Dada yake ameiweka kifuani, ndani ya blauzi, isipate mvua. Kisha amenishika mkono, akanishukuru na kuniombea baraka. Amesema mashine yangu ni nzuri, watu wa kambini watakuja wengi.

Kesho Jumapili nitakwenda kukaa kwenye matanga yao, mbele ya picha hiyo. Na mtu akiniuliza marehemu alikuwa anafuata nini kule kijijini, nitafungua mdomo?