Sauti ya Satellite Inachelewa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mzee Ndeti karibu anitoe roho leo, na hata hayuko ofisini! Anarekodi masimulizi ya filamu yetu kwake, mtaa wa Satellite, kwenye kabati la nguo lililojaa blanketi. Mimi niko ofisini Westlands, nahariri picha. Mtandao unavuta, maneno yake yanafika yakiwa yamepotea njia. Mto kwenye skrini ushasafishwa, yeye bado anasimulia takataka.

Norman, bosi wangu, anasema filamu inaonyeshwa Jumamosi, mjini, wageni washaalikwa. Hataki sauti nyingine. Hata mimi sitaki! Mzee ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo redioni. Akianza, cucu, nyanya yangu, alikuwa anaweka kikombe chini. Siku hizi hatoki nyumbani. Magoti, anasema mwanawe, Musili, anayemshughulikia mitambo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata dawa! Programu ninayohariria inaweza kutoa taimkodi — yaani saa ya filamu yenyewe, kila picha na namba yake — kama sauti. Inalia kama mdudu aliyenaswa kwenye debe. Nimeituma pamoja na picha hadi kinasa sauti cha Satellite. Kikiisikia, kinarekodi na kugonga kila neno muhuri wa saa ile. Nikiisimamisha, kinasimama. Picha na taimkodi zikichelewa njiani, zinachelewa pamoja, basi hakuna ubaya.

Nikajipongeza mapema. Musili ametuma faili, nimezipanga... zimechelewa! Kila sentensi. Si sana, muda wa mtu kuvuta pumzi na kusema kidogo.

"Si ulisema hii kitu imeiva?" Norman. "Mbona Mzee bado ako nyuma?"

Sijui! Nimekagua kila kitu. Mtambo hauna kosa.

Jumatano, 5 Novemba



Nilitoka kula chapo na ndengu, nikasahau kusimamisha programu. Ikawa inarudia sehemu ileile, taimkodi inalia, na kinasa cha kule kikarekodi muda wote. Musili kwa kawaida hukata vipande kabla ya kutuma. Leo ametuma nzima bila kusikiliza. Nikafungua nifute tu.

Kwanza mzee, kwa mbali. Hana maneno. Mmm-mm, inapanda, inashuka — ni ile sentensi ya filamu kuhusu daraja, mtindo wake kabisa, ila hakuna neno hata moja. Kisha, karibu na maikrofoni, sentensi nzima kwa sauti ya Mzee Ndeti. Safi. Kisha mdomo uleule, kwa sauti ya kijana, unalalamika kuhusu mgongo.

Musili! Ni Musili anayesema!

Yesu wangu. Nimesikiliza tena. Na tena. Ndiyo maana sauti inachelewa: anamngoja baba yake agune kwanza, ndipo aseme. Norman ameniuliza mbona nimekaa kama nimemwagiwa maji. Nimesema ndengu zimenikataa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeenda Satellite. Nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima.

Musili alijua mara tu aliponiona getini. Akanieleza palepale: kiharusi, mwezi wa saba. Maneno yote yalienda. Ikabaki ile sauti tu ya kupanda na kushuka. Nikaanza kuuliza, sasa nyinyi mnatudanganya kwa nini? Akanikatiza.

"Mwihaki, Baba hajui."

Hajui nini?

"Hajui kwamba hasemi."

Nilishika geti. Mzee anakaa sebuleni na hedfoni masikioni, mbele ya maikrofoni isiyounganishwa na chochote. Musili yuko kabatini na ile ya kweli. Sauti inayorudi kwenye hedfoni, Mzee anaamini ni yake. Ikichelewa anadhani ni mtandao. Akiomba sukari na Musili asimwelewe, anamwonea huruma, anaona masikio ya mwanawe ndiyo yamezeeka!

"Ukimwambia utamuua," Musili akasema. "Hii kazi ndio inamwamsha asubuhi."

Nikaingia. Mzee kanishika mkono kwa mikono yote miwili, kaguna salamu ndefu, yenye heshima zote. Nikajibu, "Nzuri sana, Mzee." Nimelia njia nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Norman ana wazo. Kesho Mzee asome mwisho wa filamu live kutoka kwake, wageni wamwone usoni. Nikasema magoti.

"Camera haishoot magoti, Mwihaki."

Sikusema ukweli. Nimempigia Musili ajiandae, lakini tutajiandaa na nini?

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika sebuleni kwa Mzee, ili aone kama ninachunguza tatizo.

Norman alinipitia asubuhi, tukaja mapema tujaribu mitambo. Musili hatukumkuta, kaenda kununua maziwa ya wageni. Kabla sijafungua mdomo Norman kashaona ile maikrofoni. "Hii hata haijachomekwa!" Akaweka yake, akaiunganisha na hedfoni, akaniambia nicheze taimkodi.

Nikabonyeza. Kwa nini nilibonyeza? Norman alikuwa ananitazama, Mzee alikuwa anatabasamu, nikabonyeza!

Mzee alisema yote. Polepole, kwa uzito, mkono ukipanda pale mto unapofika baharini. Hakuna neno hata moja. Norman alinitazama, akamtazama Mzee, akatoka nje ameziba mdomo. Amesimama pale kwa tangi la maji.

Na Mzee — Mungu wangu, mara hii kilichorudi kwenye hedfoni ni mguno wake mwenyewe. Amesikia. Alizivua, akazigonga kwa kidole, akanipa. Anaonyesha waya: zimeharibika. Nimezigeuza, nimepuliza, nimeandika mistari hii, nimemrudishia.

Amezivaa. Anajaribu mwanzo wa sentensi, kidogo tu. Anasikiliza. Anajaribu tena, sasa kwa nguvu.

Musili, fanya haraka!

Ameacha. Anautazama mdomo wangu, anangoja niseme ni waya.