Anwani ya Elyor

Margilan

Kwako Dada Mohira,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Hujambo wewe, shemeji na wale watundu wako? Mguu wa shemeji umeacha kumsumbua? Sisi wazima, ila mama ananung'unika kwamba huandiki, basi nimeona nianze mimi.

Unamkumbuka rafiki yangu Elyor, muuza matikiti, yule domo kaya? Kapenda! Binti ni Zulhumor, mtoto wa Usta Qobil mfuma hariri. Mzee alitoa sharti: kabla ya kumega mkate wa kuikubali posa, aione hiyo tovuti ambayo kijana anajigamba nayo mtaa mzima. Elyor akampelekea anwani. Tangu hapo akawa hali halali, maana kwake tovuti inafunguka vizuri, lakini kwangu, kwa shangazi yake na kwa kinyozi haifunguki ng'o.

Akanijia mbio, eti seva yake, ile kompyuta inayobeba tovuti, imerogwa. Nikakagua nyaya, nikazima, nikawasha. Mama yake akaifukizia majani ya isiriki kuondoa kijicho. Tukakohoa sote, seva vile vile. Mwishowe nikamwomba anionyeshe anwani aliyowapa watu. Dada, nilicheka mpaka nikakaa chini! Ni ile ambayo kompyuta hujiitia yenyewe. Ukiiandika kwako, inatafuta humo humo ndani ya kompyuta yako. Nikamwambia, wewe bwana, umewaalika watu "njooni nyumbani" bila kusema kwa nani! Akashika kichwa, akasema posa imekufa.

Tukaenda kwa mzee kuomba radhi. Hata viatu hatujavua, Usta Qobil kamkumbatia Elyor, machozi yanamlengalenga. Eti tovuti ameiona, na hajapata kuona kijana anayeijua hariri kiasi kile! Akatufungulia kwenye kompyuta yao ya nyumbani: vitambaa vyake vyote, kila nakshi na jina lake. Lo! Elyor huyu asiyejua hariri wala pamba? Nikachomoa waya wa intaneti kinyemela, ukurasa ukafunguka tena. Basi kazi ile ilikuwa humo humo ndani. Kugeuka, namwona Zulhumor na birika la chai, uso umemwiva. Ni yeye aliyeitengeneza kwa siri, akisubiri ikamilike ndipo amwonyeshe baba yake.

Mzee alikwisha kushika mkate. Nikamkanyaga Elyor mguu anyamaze. Wapi! Akasema yote, kwamba yeye anauza matikiti tu na kazi ile ni ya binti. Zulhumor akatua birika, akamwambia baba yake kwamba ndiyo, ni yake, na huyu mropokaji ndiye anayemtaka.

Macho yangu yakaanza kutafuta viatu. Usta Qobil akauliza, kama binti ana kipaji hiki, yeye ana wazimu gani wa kumtoa nyumbani? Akaumega mkate kwa sharti jipya: bwana harusi ndiye atakayehamia kwake. Mama Elyor analia aibu, mtaa unacheka, na Elyor mwenyewe meno yote nje.

Harusi ni baada ya mavuno, njooni wote. Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono wangu. Ukifika, usimtafute Elyor kwao. Ile anwani sikuirekebisha, hakutaka. Anasema ilifunguka kwa Usta Qobil, na huko ndiko anakopatikana.

Mdogo wako akupendaye,
Hikmat