Usiirudishe Tupu

Munyaka, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Maitu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mkweo Gathogo, na za mjukuu wako Muchiri, ambaye siku hizi ananipita kimo na bado anauliza shosho atakuja lini. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya Agosti? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, ama bado anawazungusha? Sisi huku tuko wazima, tunakula na tunalala. Mvua imetukumbuka. Mahindi ya upande wa Cheptiret yamesimama mpaka mtu anayapita barabarani akitabasamu, na duka letu bado lipo.

Najua umeshangaa kupata barua, kama zile nilizokuandikia nikiwa shule ya bweni. Simu ninayo. Lakini simu yako wewe huongea mpaka Waithira asikie akiwa ng'ambo ya ua, na hiyo spika hukubali kuizima, ati masikio yamechoka. Hili ninalokuandikia si la Waithira. Lisome peke yako, ukiwa umekaa.

Unamkumbuka Emmaculate, Mama Cyril, jirani yangu wa ploti ya pili, yule wa kutoka Homa Bay? Ai, nauliza nini mimi. Unamkumbuka kuliko unavyonikumbuka. Ulipokuja Desemba ukakaa nasi wiki mbili, alikuletea bakuli la samaki wa kukaanga. Mlipomaliza kula uliliosha lile bakuli kwa mikono yako, ukalijaza njahi, yale maharagwe meusi uliyobeba kutoka nyumbani, ukamwambia kwamba kwetu mtu hamrudishii jirani bakuli tupu. Akapiga makofi, akasema hata kwao ni hivyo hivyo. Basi mkakaa kwenye benchi la duka langu mkiongea na kucheka mchana kutwa, na mlipoagana ulimwita binti yangu. Mimi uliyenizaa nilikuwa nyuma ya kaunta napima sukari. Nilisikia.

Wacha niseme wazi kabla sijafika mbali. Niliona wivu. Mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye mtoto wa kunyoa ndevu, nilimwonea mwanamke mwenzangu wivu juu ya mama yangu. Na Pasaka, Irungu alipokuja na lori la viazi akashusha leso uliyomtumia Emmaculate, niliikunja mwenyewe nikampelekea huku nikitabasamu, na usiniulize tabasamu hilo nililitoa wapi.

Huyo Emmaculate alikuwa akifanya kazi maabara kwenye kiwanda kimoja cha maziwa. Wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Ulipoondoka tu akaanza kutengeneza maziwa lala nyumbani kwake. Hakununua hata pakiti moja. Alizunguka Munyaka nzima akiomba chupa za jamu na za asali zilizolala chini ya masinki, akazichemsha, na kwa rangi nyekundu ya kucha akaandika chini ya kila chupa jina la nyumba ilikotoka. Ukimaliza maziwa unaiosha chupa yako, unairudisha, unajaziwa. Ndiyo hivyo tu. Nilimwambia Gathogo kwamba mambo hayo hayafiki Aprili.

Kumbe sikujua watu. Nelima, yule mwalimu wa chekechea, ndiye alianza: alirudisha chupa yake ikiwa na karanga za kwao Bungoma. Emmaculate akazigawa kwa waliofuata. Mwingine akarudisha na ndimu, mwingine dania, mwingine mayai mawili yamefungwa kwa gazeti. Mtaa ukashika huo mtindo. Aliyeuliza ulianzia wapi aliambiwa ni mafundisho ya mama yake Kabura. Mafundisho ya mama yangu, Maitu! Mimi nina duka miaka kumi na moja, na hukuwahi kunikalisha chini ukaniambia kwamba hayo yanaweza kuwa biashara.

Tena Emmaculate hana anachotupa. Kibet humletea maziwa kutoka Kaptagat kwa mikebe, na maziwa yakikataa kuganda hayamwagwi, Kibet anarudi nayo kwa nguruwe wake. Vifuniko vikishika kutu vinakwenda kwa fundi wa majiko. Chupa ikipasuka, vipande anavipanga juu ya ukuta wa kuku kuzuia paka. Wateja wangu wakija kununua mkate wananisimulia haya yote kama habari njema, mimi nimeegemea friji yangu iliyojaa maziwa ya pakiti.

Na hizo pakiti ndizo zilinivua nguo. Mvua ya Aprili iliziba mtaro wa mbele ya duka, maji yakaingia kwa kinyozi mpaka viti vikaelea. Vijana wakachimbua, na kila koleo lilitoka na pakiti za maziwa, zile zile ninazouza mimi. Zikarundikwa pale barabarani kila mtu azione. Mwenyekiti wa mtaa akasema, bila kunitazama, kwamba mwenye kuuza afikirie pia inakoishia takataka yake. Emmaculate alikuwepo na hakucheka. Afadhali angecheka.

Badala yake alikuja kesho yake na ombi. Alisema mimi nina friji na niko barabarani, yeye ana maziwa na yuko ndani ndani. Niache pakiti, niuze maziwa yake, faida tugawane, na watu waache chupa tupu kwangu wakipita kwenda kazini. Gathogo alikubali kabla sijafungua mdomo. Kisha akakaa mezani jioni nzima akinieleza jinsi huyo mama alivyo na akili. Nilimpakulia ugali kwa kishindo. Emmaculate naye, akiondoka, alinishika mkono akaniambia neno moja la kawaida kabisa, kwamba chupa zikirudi nimuwekee.

Kuanzia mwezi wa tano chupa zikaacha kurudi.

Mwanzo zilipotea chache. Halafu ikawa akileta maziwa anakuta chupa nne, tano, mahali palipokuwa na arobaini. Akauliza, akaambiwa labda watu wamezipenda kuwekea sukari na chumvi, unajua kioo kinavyopendeza jikoni. Akaamini. Akawa anaenda mlango kwa mlango akiomba kwa upole, na watu wakakasirika, maana kila mmoja alijua amerudisha. Nelima alilia, akasema hajawahi kuitwa mwizi tangu azaliwe, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Bila chupa Emmaculate hakuwa na pa kutilia. Maziwa yakaharibikia kwenye sufuria, Kibet akaambiwa apunguze, kisha akaambiwa apumzike kwanza.

Wiki tatu zilizopita alikuja dukani amevaa ile leso yako. Akaniambia amechoka. Anauza sufuria zake kubwa na kurudi na Cyril kwao Homa Bay, akajaribu kitu kingine karibu na ndugu zake. Akasema labda watu wa mjini hawawezi kurudisha kitu, na kwamba mama yako, yaani wewe, alimfundisha desturi nzuri ambayo wakati wake umepita. Halafu akatoa kwenye kikapu chupa moja, akaigeuza. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa nyekundu: Mama Kabura. Alikuwa ameitenga tangu siku ya kwanza, akingoja Irungu aje ili akujazie uonje. Akasema nikupelekee hivyo hivyo, uwekee hata majani ya chai.

Maitu, niliipokea kwa mikono miwili.

Chupa zote zilikuwa kwangu. Aliniambia nimuwekee, nami niliweka. Niliweka kweli kweli, nyuma ya magunia ya unga, zikajaza magunia mawili na katoni. Ya kwanza niliisahau tu kwenye rafu, na nilipoona amehangaika kuitafuta, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Baada ya hapo sikusahau tena, nilificha. Watu walikuwa wakizileta zimeoshwa zikang'aa, zikiwa na vitu vyao ndani. Ndimu za watu nilitia kwenye chai yangu. Mayai nilimkaangia Gathogo, naye akala akiuliza kuku wangu wameanza kutaga lini. Na Nelima alipolia pale dukani, chupa yake ilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Nilimpa kitambaa afute machozi.

Usiseme ni shetani. Ni mimi. Nilitaka ashindwe, ili siku ukija tena uulize yuko wapi, uambiwe alienda, na benchi libaki letu wawili.

Siku ile Emmaculate alipotoka, nilifunga duka mchana, kitu ambacho sijawahi. Nilizitoa zote nikazipanga sakafuni ili nizirudishe. Lakini hebu niambie, nitazirudishaje tupu, mimi binti yako? Nikafungua gunia la maharagwe nikaanza kujaza. Gathogo akaja akaniona, akatazama chupa, akanitazama mimi. Nadhani alikumbuka yale mayai. Alichukua bakuli akachuchumaa, tukajaza pamoja mpaka gunia likaisha tukafungua lingine. Kwa mkokoteni tukazipeleka kwa Emmaculate, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alikuwa akiokota moja moja, anaigeuza, anasoma jina, anaiweka. Mwishowe akasema maharagwe anayaona, lakini si yeye anayedaiwa peke yake. Akasema majina yako chini, nizipeleke mwenyewe kila nyumba, niseme zilikuwa wapi, na mwenye nyumba akitaka kumletea tena ataleta, asipotaka basi. Akafunga mlango polepole.

Siku nne nilizunguka Munyaka na huo mkokoteni. Wapo waliocheka, wapo walionitazama bila neno, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nelima alipokea chupa yake akanifungia mlango usoni. Siku mbili baadaye alikuja dukani, akaiweka kwenye kaunta, akaenda bila salamu. Ndani kulikuwa na maharagwe yangu yale yale, yamepikwa, yamekaangwa na kitunguu na dania. Niliyala nimesimama, na nililia nikiyala.

Chupa zimeanza kurudi kwa Emmaculate, si zote. Sufuria hajauza. Kibet alipita Ijumaa na mkebe mmoja. Pakiti nimeacha kuagiza, na kwenye friji yangu sasa kuna rafu mbili tupu, kwa sababu Emmaculate bado hajanipa maziwa yake niuze, wala hajakanyaga kwangu. Anayauzia kwake, kule ndani ndani, na watu wanapita mbele ya duka langu kumfuata. Nisikudanganye, Maitu, ninapowaona bado roho inaniuma. Tofauti ni kwamba sasa inauma na mikono yangu iko hapa kwenye kaunta, kila mtu anaiona.

Ile chupa yako nayo aliichukua tena siku niliyompelekea zile nyingine. Nilipomwomba aijaze kwa kuwa Irungu anarudi huko Jumatatu na lori tupu, alisema ataijaza siku nitakapomletea barua iliyoandikwa kwa mkono wangu, inayokuambia nilichofanya. Alisema hataisoma. Anataka tu uijue kutoka kwangu, kwa sababu wewe ndiye uliyetukutanisha. Basi ukiwa unasoma hapa, jua ameijaza. Igeuze, uone jina lako.

Nisalimie wote, mpe Waithira salamu zake bila habari hizi. Magoti yapakae mafuta na usiende kuchota maji mwenyewe.

Irungu atapita kwako Alhamisi ijayo akija na viazi. Kunywa maziwa, uoshe chupa vizuri, umpe airudishe. Ipeleke kwanza kwangu, ndipo niivushe mimi mwenyewe mpaka kwa Emmaculate, naahidi itafika. Lakini tafadhali Maitu, usiirudishe tupu. Tia karatasi ndani. Kama ni ya kunigombeza, gombeza. Bora iwe na jina langu juu.

Ni mimi, yule wa kuzaa,
Kabura