Zaituni Amemsimulia Mama Yangu

Nduguti, Mkalama
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mbukwa pia, salamu yetu ya Kigogo, maana najua shikamoo peke yake unaiitikia shingo upande. Magoti yanaendeleaje na upepo wa huko mlimani? Bibi anakula? Ule mtama wa upande wa bondeni, ndege wamewaachia chochote? Mimi ni mzima wa mwili. Rohoni nina wivu, na nimeona nikuambie mapema, usije ukasoma mpaka chini ukitafuta nani amekufa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu na nusu ya Kilimatinde inasikiliza. Haya ni yako peke yako. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la alizeti, mtu wa Manyoni, ameahidi kukufikishia mkononi.

Unamjua Zaituni kwa jina, yule ninayekaa naye chumba kimoja. Kwao ni Misigiri. Tulisoma wote mawasiliano ya umma, tukahitimu pamoja, tukaja wote Nduguti tuliposikia kuna ofisi mpya zinajengwa na nafasi ni tele. Ofisi tuliziona. Nafasi hatukuziona. Mimi nikapata kibarua steshenari, nachapa barua za maombi ya kazi za watu wengine, najua kumsifia kila mtu. Yeye akawa anauza vitenge vya mtu sokoni.

Mwezi uliopita redio moja mpya ya jamii ikatangaza inatafuta mtangazaji wa vipindi vya vijijini. Tukaomba wote wawili, tukaitwa wote wawili. Nilijua watatuambia tujitambulishe, na tueleze kwa nini tunataka kazi ya kusema na watu. Sikuhangaika hata kidogo, Mama. Nilikuwa na wewe.

Nilipanga kuwaambia kwamba kijijini kwetu mtu akifariki, wazee humtuma mama yangu kupeleka taarifa kwa ndugu, kwa sababu haropoki. Akifika anakaa, anaomba maji, anakunywa taratibu mpaka kila mtu ameketi, ndipo anasema. Ikafika mahali akiomba maji nyumba yoyote watu wanaanza kulia, hata kama ana kiu tu ya kutoka shamba. Tangu hapo anatembea na maji yake kwenye dumu la mafuta ya kula, asiwatishe watu. Ni hivyo tu, lakini ni yetu.

Wiki nzima nilifanya mazoezi chumbani. Zaituni alikuwa mwajiri wangu. Anageuza ndoo, anaikalia, anakunja nne, ananiambia, "Haya dada, tueleze wewe ni nani." Namweleza. Ananiambia nirudie, mikono imelegea. Narudia. Ameisikia mpaka akaijua kunishinda, nami nikaona nimepata rafiki wa kweli.

Siku ya usaili tulipangwa kwenye viti, wasailiwa saba, mbele ya meza yenye watu watatu. Mama mmoja wa miwani akasema vyeti wameshaviona, kila mtu ajitambulishe kwa maneno yake, waanze wa dirishani. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa upande wa dirishani. Kabla hatujaanza, Zaituni alikuwa amenijia akasema kwenye kiti chake cha pili anasikia joto, tubadilishane, anataka kiti chenye upepo. Nikampa. Nampa kila kitu, Mama, hata blauzi aliyovaa siku ile ilikuwa yangu.

Akasimama. Akasema jina lake. Halafu akasema, "Kijijini kwetu mtu akifariki, wazee humtuma mama yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Akasema unavyokaa, unavyoomba maji, na alipofika hapo kwenye maji akanyamaza. Mimi katika mazoezi sikuwahi kunyamaza hapo. Yule mama wa miwani alikuwa ananyanyua glasi yake ya maji, akairudisha mezani bila kunywa. Alipofika kwenye dumu la mafuta, wakacheka wote watatu, mzee mmoja wa pembeni akajifuta macho. Alikusimulia vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Halafu zamu yangu. Ningesema nini? Ningelisema lile lile ningeonekana mimi ndiye mwizi. Nikasema naitwa Damari, ni mhitimu, ninajituma, napenda kushirikiana na watu. Maneno ya steshenari. Yule mzee akanihurumia, akaniuliza, "Na mama yako yeye anafanya nini?" Nikasema ni mkulima. Si uongo, unalima. Lakini nilikaa chini nikiwa sina mama, na mama yangu yuko kiti cha jirani, kwa mtu mwingine.

Kazi alipata yeye. Sasa nikiwa kazini namsikia redioni, maana bosi wangu haizimi. Wateja wanasema huyu binti ana sauti ya kutuliza, wananiuliza kama namfahamu. Nawaambia kidogo. Akisalimiwa njiani mimi naongeza mwendo. Amenunua viatu vipya, nami nimeviangalia kisigino mpaka soli nikitafuta kasoro, na havina.

Baada ya usaili, siku tatu sikumsemesha. Ya nne tukiwa tunachambua mlenda nikamuuliza, "Zai, mama yangu amekuzaa lini?" Hakujitetea. Aliendelea kuchambua, akasema, "Nilisimama pale nimepanga kusema mambo ya chuo. Wakaniangalia. Nikaanza na mama yangu, ndipo nikakumbuka sina cha kusema juu yake. Akaja wako."

Mama yake alifariki yeye hajaanza kutembea. Kalelewa na shangazi. Nilikuwa nalijua hilo siku zote. Nikamwambia basi ungemsema shangazi. Akasema, "Shangazi alinilisha, Damari. Hakuna la kusimulia zaidi ya hapo." Nikamhurumia, halafu nikakasirika kwa sababu nimemhurumia, nikamwambia mlenda wenyewe anauharibu. Tumeanza kusemeshana tena, lakini si kama zamani.

Sasa sikia. Krismasi nakuja, na anataka kuja nami. Anasema anataka akuombe radhi uso kwa uso. Sikuweza kukataa. Tena amekununulia chupa ya maji, ya chuma, ile inayotunza ubaridi, ameifunga kwenye kitenge. Miaka yote mimi nasimulia dumu lako na sijawahi kuwaza kukununulia chupa. Inakaa pale juu ya sanduku lake, kila asubuhi naiona. Nimetafuta dukani nyingine iliyo kubwa zaidi. Hakuna.

Mpokee, Mama. Mpe ugali wa mtama, mpe mkeka wangu, ucheke naye kama unavyocheka na watu wote. Chupa ipokee pia, najua utaipenda. Nakuomba moja tu: usimwite mwanangu. Najua mdomo wako, unawaita mwanangu hata wauza sabuni. Yeye mwite Zaituni, jina lake ni zuri, linatosha.

Na la pili. Nimeitwa usaili mwingine, Singida mjini, baada ya mwaka mpya. Watasema tena nijitambulishe. Tafuta jambo lako moja ambalo hujawahi kumsimulia mtu yeyote, si baba, si Bibi, si mke wa mchungaji. Nitamtuma Zaituni na watoto wa jirani kisimani, na wewe utaniambia jikoni, taratibu, mimi peke yangu. Sitalifanyia mazoezi mbele ya mtu.

Nisalimie Bibi, mwambie ugoro wake ninao. Msalimie baba, na kaka Yona aliyesema atajenga choo kabla sijarudi, nakuja kukiona. Wifi aliyejifungua mwambie jina la mtoto lisiamuliwe bila shangazi yake. Na mama mdogo wa Itigi akipita, mpe pole ya mguu.

Siku tutakayofika tutakuwa tumechoka na vumbi, tutakaa chini pale mlangoni na tutaomba maji wote wawili. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Lakini, Mama, maji nipe mimi kwanza.

Ni mimi mwanao, uliyenizaa mwenyewe,
Damari